Sauti Yangu Mbele ya Mkwe

Mkwe wangu aliitambua sauti yangu kabla mimi mwenyewe sijaitambua.

Tulikuwa ndani ya ukumbi wa hoteli moja mjini Embu, watu wengi, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe kama vya harusi. Mbele kulikuwa na kitambaa kikubwa cha kuonyeshea picha, na kando yake spika mbili ndefu kama watu wazima. Mtafiti alishika maikrofoni akasema, "Sasa tuwasikie akina mama wenyewe." Kijana wa mitambo akabonyeza. Mwanamke akaanza kuongea Kimeru cha Tigania, na pale kwenye kitambaa maneno yake yakawa yanapita kwa Kiswahili ili kila mtu afuate.

Niliwaza, huyu mama ana sauti ya kukwaruza, na anaongea kama mtu ambaye hakulelewa. Sauti yako ukiisikia kutoka nje si ile unayoijua kutoka ndani. Nilikaa hapo nikitabasamu na wenzangu, nikimngoja huyo mama amalize.

Ndipo macho yangu yakaenda upande wa walimu. Mkwe wangu alikuwa ameshika kalamu. Aliiweka chini. Kisha akainamisha kichwa, vile mwanamume huinamisha akikutana na mama mkwe wake kwenye njia nyembamba na hakuna mahali pa kupita. Hapo ndipo nilijua kwamba anayeongea ni mimi.

"Nilikuwa nachinja kila mwezi," sauti ikasema, "na nyama hakuna aliyekula."

Ukumbi ulicheka. Ni maneno ya kuchekesha, hata mimi nilipoyasema mara ya kwanza nilicheka.

"Mzee alihamia kwa magunia ya mahindi. Akasema kitanda kinanuka kichinjio."

Wakacheka tena. Kisha sauti ikaendelea mpaka mahali ambapo siwezi kuandika hapa. Ilieleza mwili wangu ulivyokuwa, nilivyojifunga, jinsi mzee alivyokuja usiku mmoja na jinsi nilivyomsukuma na kwa nini. Hapo hakuna aliyecheka. Mkwe wangu aliinuka, akajikunja kama mtu anayetoka kanisani katikati ya maombi, akapitia mlango wa upande wa jikoni. Hakugeuka upande wangu. Alipokwisha kutoka, sauti yangu ilikuwa bado inaongea.

Asiye wa huku ataona ni jambo dogo. Kwetu mama mkwe na mkwe hawachezi. Mkwe haingii chumba ninacholala. Akifika ghafla nikiwa nafua, nguo za ndani zinafichwa chini ya karai. Mimi sitamki mbele yake jambo lolote la mwili, hata kama ni tumbo linaniuma. Nasema nina homa. Tunaiita nthoni, ni aibu na heshima zikiwa kitu kimoja. Binti yangu ameolewa Ishiara, kwa Wambeere, na wao wameshika jambo hilo kutushinda sisi. Kwa miaka yote ya ndoa hiyo mkwe wangu hajawahi kunisikia nikisema neno damu.

Nitasema ni nani walifanya hivi. Sitaweka majina. Wao waliondoa jina langu wakasema sasa hakuna anayeweza kunijua. Basi mimi nami naondoa majina yao, na kila mmoja nitamtaja kwa kazi yake.

*

Mimi niliishia darasa la tano. Kazi yangu ni majani ya migomba, yale ya kufungia miraa. Kila asubuhi nayakata, nayakunja, nayapeleka soko la Mikinduri kabla wenye miraa hawajaanza kufunga. Ni kazi ya wanawake, na haina heshima, lakini miraa bila jani hukauka njiani, kwa hiyo wanatuhitaji.

Damu ilianza kunisumbua baada ya mtoto wangu wa mwisho. Mara ya kwanza nilifikiri ni ya kawaida tu imekuja na hasira. Ikawa inakuja kwa mabonge. Ikawa haiondoki, nikifikiri imeisha, inarudi. Sokoni nilikaa juu ya majani yangu mwenyewe. Yale ya chini nilikuwa nayatupa, siyauzi, na jirani yangu wa sokoni, mama wa maharagwe, alikuwa anaona na anageuza uso. Nilivaa leso nyeusi na sweta ya kufunga kiunoni hata jua likiwa kali. Kanisani nilikuwa nabaki nimekaa watu wakisimama kuimba, na nikiondoka naondoka wa mwisho, kinyumenyume kama mtu anayemuaga mfalme.

Nilienda kituo cha afya. Nesi aliniuliza umri wangu, nikamwambia. Akasema, "Hiyo ni kufunga hesabu, mama. Inatoka kwa fujo halafu inaisha." Akanipa dawa za kuongeza damu. Nilirudi tena, nikapewa zile zile. Huyo nesi naye ni wa kwanza kwa wale ninaowataja. Hakuniwekea mkono tumboni hata siku moja, na uvimbe ulikuwa umeshafika mahali ambapo hata mtoto angeushika.

Mzee wangu alinunua maini. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Alinunua maini na mboga ya terere kwa muda, halafu akachoka, akahamia kwa magunia.

*

Mtafiti alikuja wakati huo. Alitoka chuo kikuu, lakini si mgeni: alizaliwa upande wa Ruiri, anaongea Kimeru safi, na alifika akiwa amevaa viatu vya shamba. Chifu ndiye aliyemleta kwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Mwenyekiti akatuita, wale wenye matatizo ya hedhi na ya uzazi, tukutane jikoni kwa kanisa, pale tunapopikia wakati wa harambee.

Mwenyekiti alifunga mlango. Akasema, "Leo hapa hakuna haya. Haya tumeiacha mlangoni na viatu."

"Wewe ulianza kuvaa viatu lini?" mama wa maharagwe akamuuliza, na jikoni yote ikacheka, na tukawa tumeanza.

Huyo mtafiti ana kipawa. Nitampa haki yake. Hakukaa kwa kiti, alikaa kwa gogo kama sisi. Hakutuuliza kama wanavyouliza hospitalini, nesi akitazama mlango nani anafuata. Alisema yeye mwenyewe akiwa shule ya bweni alichafua kiti cha mwalimu na akakaa hapo mpaka jua likashuka. Baada ya hapo nani angenyamaza? Wasichana wawili waliozaa karibuni walisema yao. Mama wa maharagwe alisema yake, na mimi sikujua kwamba naye ana yake. Ilipofika zamu yangu nilisema yote. Nilisema kwa mzaha kwa sababu bila mzaha ningelia, na sipendi kulia mbele ya mwenyekiti, machozi huwa anayapeleka kwa maombi ya Jumapili.

Kulikuwa na kitu cheusi katikati yetu, juu ya sufuria iliyopinduliwa. Kabla sijaanza nilikiuliza.

"Hiki ni cha nini?"

"Kinarekodi, mama. Ni cha kunisaidia kukumbuka, maana mkono wangu hauandiki haraka kama mnavyoongea."

"Na hiyo sauti itaenda wapi?"

"Itabaki kwangu. Na jina lako hatutaliweka popote."

"Jina si shida. Jina langu wako wengi nalo hapa Tigania. Nimeuliza sauti."

Alicheka. Akasema, "Sauti haina kitambulisho, mama."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Mwenyekiti akasema, "Sema basi, usitucheleweshe, kuna chai." Nikasema.

Tulipomaliza, mtafiti alinishika mkono nje ya jikoni. Akavuta kope yangu ya chini akaangalia. Akaniambia, "Mama, wewe huna damu. Unatembea aje?" Wiki ileile alinitafutia nafasi hospitali kubwa Meru. Walinipiga picha ya tumbo, wakaona uvimbe mwingi, mmoja mkubwa kama kichwa cha mtoto. Daktari alinieleza kwa upole kwamba kizazi chote lazima kitoke. Niliwekewa damu ya watu wengine kwanza ndipo nikaingia kwa upasuaji. Nilitoka mzima. Nikarudi sokoni, nikasimama kanisani watu wakisimama.

Kwa hivyo wananiuliza, na nitaulizwa na yeyote anayesoma hii: sasa huyo mtu alikukosea nini? Mwenyekiti huwa anasema hivi: mtu akikutoa mtoni, humuulizi nguo zako zilienda wapi. Mimi nasema namshukuru kwa kunitoa mtoni. Namuuliza pia nguo. Mdomo wangu mmoja unatosha kwa maneno yote mawili.

*

Alipomaliza kazi yake alitualika Embu. Alisema kazi ilikuwa ya kaunti zote mbili, Meru na Embu, na sasa kuna siku ya kurudisha majibu kwa wananchi, watakuja watu wa afya, walimu kutoka shule za huko, na wakubwa. Akina mama wachache wa Tigania wangeenda kushukuriwa. Alituma gari, na chifu akaliombea baraka kabla hatujaondoka. Tulivaa nguo za sherehe, mwenyekiti akavaa kofia.

Mlangoni nilimwona mkwe wangu. Yeye ni naibu wa mwalimu mkuu kwenye shule moja ya huko Mbeere, na shule yake ilikuwa imealikwa kwa sababu ya mambo ya wasichana kukosa masomo wakiwa kwa siku zao. Nilifurahi. Nilikuwa nimemsifu mara nyingi kwa wenzangu na sasa walimwona na tai. Tulisalimiana kwa mbali, vile inavyotakiwa, yeye akainama kidogo.

"Mama, hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo, mwanangu. Na huyo wetu?"

Nilimaanisha binti yangu, alikuwa na mimba ya mtoto wa pili.

"Yuko sawa. Amekuwa mzito tu."

Akaenda upande wake, nami nikaenda upande wangu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyowahi kuongea, yeye na mimi.

Yaliyotokea ndani nimeshayasema. Baada ya sauti kuisha watu walipiga makofi, na mkubwa mmoja wa afya akasema ushuhuda huu umemgusa. Hakuna aliyejua mwenye ushuhuda yuko hapo anashika mkoba wake kwa mikono miwili. Ila mwenyekiti alijua. Aliniinamia akaninong'oneza, "Umetoka vizuri." Naye namtaja kwa neno hilo.

Nilimfuata mtafiti nje kwenye magari wakati watu wanakula. Alikuwa na sahani mkononi.

"Mama, mbona huli?"

"Mkwe wangu alikuwa humo ndani."

Hakuelewa kwanza. Nilipomwambia ni nani, aliweka sahani juu ya gari. Yeye ni wa Ruiri, mama yake ana wakwe, hakuhitaji kuelezwa.

"Pole sana, mama. Kwa kweli pole. Nilichagua kuicheza Embu kwa sababu huku hakuna anayekujua. Meru sikucheza. Meru nilisoma tu kwa maandishi."

"Binti yangu ameolewa Ishiara."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Uliniuliza damu ilikuwa inajaza vikombe vingapi. Hukuniuliza watoto wangu wameolewa wapi."

Kijana wa mitambo alikuja kumuuliza kuhusu nyaya, mtafiti akageuka kumjibu huyo. Huyo kijana nilimuuliza mimi mwenyewe, kwani hungeweza kuifanya sauti iwe nyingine, nasikia siku hizi mnaweza. Akaniambia, "Tunaweza, mathe, lakini inakuwa kama ya roboti. Watu hawaguswi."

Kwa hivyo walijua kuna njia. Waliiacha ili watu waguswe.

*

Njia ya Embu na Meru ni moja, na watu wanaoana juu yake na chini yake tangu zamani. Huyo mtafiti anaijua. Lakini watu wa ofisi wakigawanya kaunti kwenye ramani wanafikiri na maneno pia yanasimama kwenye mpaka yakionyesha kitambulisho.

Mkwe wangu hakufanya ubaya wowote. Hilo nataka lieleweke. Hakumrudisha binti yangu, hakumtukana. Aliacha tu kuja. Kulikuwa na shughuli ya kumalizia mambo ya ruracio, mahari yetu, watu wa kwao walikuwa waje na wakaahirisha. Nilipompigia binti yangu aliniambia, kwa sauti ya chini, mume wake ametuma neno: "Mwambie mama sina hasira naye. Lakini nikifikiria kukaa mbele yake, nasikia ile kitu."

"Ile kitu gani?" nikauliza, na mimi nilijua.

"Mama, usinifanye niiseme na mimi."

Kwangu nyumbani mzee alikasirika kwa yake. Watu wa Mikinduri wana jamaa Embu, na maneno yalifika sokoni kabla ya gari letu. Wakata miraa wakamwita Bwana Magunia. Akipita, mmoja anauliza mwenzake, "Kuna nafasi kwa magunia leo, ama kuna mtu amelala?" Mzee aliacha kunywa chai sokoni. Aliniambia, "Ulinipeleka Embu uchi, na mimi nilikuwa hapa nyumbani nikikata miraa."

Nilimjibu kwamba hata mimi nilipelekwa uchi, tena nikiwa nimevaa nguo za sherehe.

Mtoto alizaliwa. Msichana wa pili. Kwao na kwetu, msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, na wa pili huchukua la mama ya mama. Kwa hivyo yuko mtoto Ishiara anayeitwa mimi. Nilikaanga njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, nikasaga wimbi la uji, nikakata mikungu miwili mizuri ya ndizi, nikawaita wanawake wa upande wangu twende kumwona mzazi. Kiondo kilikuwa kimefungwa, tumebaki kuondoka, ndipo mzee wa kati, yule aliyesimamia ndoa hiyo, akapiga simu kutoka Ishiara. Akasema wazee wa kule wanaomba mama mkwe angoje. Chakula kije, wanawake waje, yeye angoje mpaka lile neno lisafishwe.

Walienda bila mimi. Dada ya mume wangu ndiye aliyemshika mtoto mahali pangu. Waliniletea picha kwa simu. Ana kichwa cha kwetu.

Kusafisha ni mbuzi. Mbuzi anachinjwa, wazee wa pande zote mbili wanaitwa, neno linatajwa mara moja ya mwisho na linazikwa, na baada ya hapo mkwe na mama mkwe wanaweza kusalimiana. Mwenye kuvunja nthoni ndiye anayemleta mbuzi, na anamleta akikubali kwamba ni yeye.

Nilienda kwa pasta. Aliniambia, "Mama, mambo ya mbuzi yaliisha msalabani."

"Basi nenda Ishiara uwaambie, pasta."

"Kule si kanisa letu," akasema.

Nilienda kwa chifu, kwa sababu ndiye aliyemleta mtafiti. Chifu alisikiliza mpaka mwisho akikuna shavu. "Kesi ya shamba naijua," akasema, "na ya mifugo. Ya sauti sijawahi kuletewa. Sauti ilivuka mpaka gani?" Nikamwambia ilivuka mpaka wake, kwa gari alilokuwa ameliombea baraka. Akacheka, akasema mimi ni mwanamke mgumu. Naye yuko kwa hesabu yangu.

Binti yangu anasema, "Mama, leta tu mbuzi tumalize. Mbuzi unao." Ni kweli, mbuzi ninao, wako nyuma ya nyumba. Kama shida ingekuwa mbuzi, mtoto ningekuwa nimeshamshika. Shida ni vile nitasema nikifika naye. Nikimfunga kamba nikampeleka Ishiara, nimesimama mbele ya wazee na kusema, mimi ndiye niliyemwambia mkwe wangu mambo ya mwili wangu. Na sikumwambia. Mimi nilisema jikoni, mlango umefungwa, kwa wanawake wenye kuzaa, kwa mtu aliyeniambia sauti itabaki kwake. Aliyeibeba mpaka Embu akaifungulia mbele ya mtoto wa watu si mimi. Kule hospitalini walitoa kizazi changu na nikakubali, kwa sababu nilielezwa kwanza. Hili halikuelezwa. Halafu nije nilibebe na kamba mkononi.

Nilimwambia mzee wa kati maneno hayo, akayapeleka. Nilifikiri watakasirika. Wazee wa Ishiara walikaa, wakashauriana, wakarudisha jibu kwamba jambo hili ni jipya lakini sheria si mpya: aliyebeba neno ndiye anayelipa kwa neno. Wakasema, "Basi mleteni huyo aliyelibeba. Akija, tutamsikiliza, na siku hiyo hiyo mama atamshika mtoto."

Kwa hivyo kila kitu kimebaki kwa mtu mmoja.

Nilimpigia simu. Alishika, mara hiyo moja.

"Mama, nimeongea na ofisi," akasema. "Wanasema ulikubali."

"Nilikubali kusaidia wasichana. Na nimewasaidia, si ndio? Nasikia mnaleta pedi mashuleni."

"Ndio, mama. Sauti yako ndiyo iliwafanya wakubwa wakubali. Hata nilitaka nikuambie hivyo, ujue haikuwa bure."

"Sikusema ni bure. Nasema iliumiza."

Akasema, "Naweza kutuma kitu kidogo, mnunue huyo mbuzi."

"Mbuzi ninao."

"Basi unataka nini, mama?"

"Uje."

"Nije nifanye nini? Wazee wataniuliza nini?"

"Watakuuliza ni nani alisema ile maneno mbele ya mkwe wangu. Na wewe utajibu."

Akasema ana safari, ana mkutano, akirudi ataona. Tangu hapo simu inashikwa na msichana wa ofisi ambaye ananiita mteja.

Watu wananiambia nimwache, ni msomi, ana kazi nyingi, anaokoa wengine kama alivyoniokoa. Mama wa maharagwe alitumwa hospitali na yeye vilevile na amepona, na hataki nimseme vibaya. Simsemi vibaya. Mtu akiniuliza kama wanawake waende kuongea naye, nasema waende, na wamuonyeshe tumbo, na wakiona kile kitu cheusi wakiambie kitoke nje kwanza.

Lakini wewe, na ninajua hii utasomewa ama utaisoma mwenyewe kwa sababu kazi yako ni kusoma kuhusu sisi: wewe ni binti wa Ruiri. Mama yako yuko hai na ana wakwe. Ungeichukua sauti ya mama yako ukaicheza ukumbini na mume wa dada yako amekaa hapo? Usinijibu kwa ripoti. Usitume kijana wa mitambo wala pole kwa simu. Ofisi yako haina mkwe Ishiara, mwenye mkwe ni mimi. Njoo kwa boma la wazazi wake, usimame mbele ya wazee, useme kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ulichukua maneno ya mama huyu jikoni na ukayatoa Embu bila kumuuliza. Sema hayo tu, mbuzi nitamleta mimi na kamba utaishika wewe. Mtoto ameanza kukaa peke yake na hajawahi kuniona. Nataka kujua unakuja lini.